Kamari Ndani ya Gereza: Mwongozo Kamili kwa Anayehudumia Wafungwa Wanaotibiwa Uraibu

Miaka kadhaa iliyopita, katika gereza moja la huku kwetu Nyanza, nilikuwa naongoza kikundi cha wafungwa waliokuwa wakitibiwa ulevi wa chang'aa na bangi. Mmoja wao, fundi wa pikipiki kutoka Nyalenda, ndiye niliyemtegemea kuliko wote. Hakukosa kikao hata kimoja, na wageni wakija yeye ndiye aliyesimama kutoa ushuhuda. Wiki ya kumi alikuja shavu limevimba na macho yako chini. Nikadhani pombe imeingizwa wodini. Mwenzake ndiye aliyeninong'oneza kwamba fundi anadaiwa vipande saba vya sabuni na kilo moja ya sukari, deni la drafti.

Nilikuwa nimemuuliza habari za chang'aa, bangi, miraa na sigara. Kwa wiki kumi nzima sikumuuliza habari za kubeti hata mara moja. Tulipokaa wawili, aliniambia kilichomleta jela: aliuza pikipiki ya mteja apate pesa ya kurudisha nyingine aliyokuwa ameliwa kwenye kubeti. "Pombe nilikuwa nakunywa nikishaliwa, mwalimu," akasema. Nilikuwa nimetibu moshi, nikaacha moto unawaka.

Mwongozo huu ni kwa mshauri nasaha, mchungaji au padri, afisa wa ustawi wa wafungwa, mhudumu wa kliniki ya gereza na afisa wa probesheni. Unafaa magereza ya Kodiaga, Kibos, Nakuru, Kakamega au popote penye kikundi cha uraibu. Ninachodai ndani yake ni kimoja: kamari iulizwe peke yake, itibiwe kwa jina lake, na ishughulikiwe pamoja na pesa zake, hata pale mfungwa alipoandikishwa kwa sababu ya pombe tu.

Kwanza, fahamu unachokabiliana nacho

Wataalamu wa magonjwa ya akili wa Marekani waliihamisha kamari mwaka 2013 wakaiweka kundi moja na ulevi na dawa za kulevya. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika Januari 2022 nayo imeiweka kwenye kundi la uraibu. Tafiti za magereza katika nchi kadhaa zimepata mara nyingi kwamba karibu theluthi moja ya wafungwa wana tatizo la kamari, kiwango kikubwa mno kuliko cha watu walio nje. Kwa hiyo kikundi chako kikiwa na watu ishirini na hakuna hata mmoja aliyetaja kubeti, usishukuru bado. Huenda hujauliza.

Kamari haina harufu. Haichechemezi mguu wala kufanya macho kuwa mekundu. Mtu anaweza kukaa mbele yako akasimulia ushindi wake dhidi ya pombe huku kichwani anapiga hesabu ya deni la jana usiku. Lakini ikikatizwa ina maumivu yake: kukosa usingizi, kukosa utulivu, hasira za ghafla. Ukiona dalili hizo kwa mtu aliyeacha pombe miezi mingi iliyopita, usiandike haraka kwamba ana kiburi.

Tena kamari haibaki nje ya lango. Inaingia na mtu, halafu inabadilisha sarafu. Nje ilikuwa shilingi kwenye simu. Ndani inakuwa sabuni, sukari, mkate, sigara, zamu ya kufua, hata chakula cha kesho. Watu hucheza karata, drafti, ludo, na ajua (bao la Waluo) iliyochimbwa ardhini. Wakikosa vyote, huwekeana dau juu ya nani ataitwa kwanza kortini au timu gani itashinda kwenye redio. Mahabusu ndio walio hatarini zaidi. Kesi zao huahirishwa, kazi hawana, na siku yao haina mwisho.

Hatua ya kwanza: pata jina sahihi la mchezo

Hapa ndipo wengi wetu tunapoanguka. Nilipoanza kuuliza, niliuliza hivi: "Je, umewahi kucheza kamari?" Karibu wote wakasema hapana, tena kwa kukerwa kidogo. Baadaye nikaelewa. Kwa kijana wa Kondele au Manyatta, kamari ni pata potea ya stendi ya basi au karata za wazee chini ya mti. Mpira ni kitu kingine. "Mimi sichezi kamari, mwalimu. Mimi hubeti tu." Kwake kubeti ni maarifa: anajua majeruhi, anajua nani kafungiwa, anajua timu inacheza nyumbani.

Usibishane naye. Uliza kwa majina anayoyatumia: kubeti mpira, jekpoti, ndege (mchezo wa dau wa kwenye simu, Aviator), mashine za sarafu, karata, drafti ya dau, bahati nasibu ya redio. Taja moja moja na ungoje jibu la kila moja. Ndege iulize kivyake, maana mchezo wake huisha kwa sekunde chache na mtu huweza kuucheza mara mia kwa jioni moja. Aliyelelewa kwenye mashine za sarafu vijijini Bungoma au Kakamega anaweza kuwa alianza akiwa darasa la saba. Kwa vijana wa borstal (gereza la vijana) kama Shikusa hilo ndilo swali la kwanza.

Hatua ya pili: maswali mawili, halafu tisa

Uliza siku ya kuandikishwa, faraghani. Usiulize mbele ya nyapara wala mbele ya askari. Kabla ya kuuliza, mwambie wazi kitakachobaki kati yenu na kisichoweza kubaki. Mimi husema hivi: "Ukiniambia unacheza, sitakupeleka ofisini. Ukiniambia unataka kujiua, kumwua mtu au kutoroka, hayo siwezi kuyaficha." Mfungwa wa Kenya anaweza kupata msamaha wa theluthi moja ya kifungo chake kwa tabia njema, na anaweza kuupoteza kwa makosa ya nidhamu. Kama hajui ukweli wake utaishia wapi, hatakuambia. Basi kabla ya kumwahidi chochote, kubaliana na mkuu wa gereza, na ikiwezekana kwa maandishi.

Maswali mawili ya kuanzia yanajulikana duniani tangu 1997, na yanatafsirika vizuri:

Je, umewahi kuhisi lazima uongeze dau, pesa nyingi zaidi na zaidi?

Je, umewahi kuwadanganya watu wa karibu yako kuhusu kiasi unachocheza?

"Ndiyo" moja inatosha kuendelea na yale tisa yaliyotengenezwa Kanada. Nayaweka hapa kwa maneno ambayo wafungwa wangu huyaelewa: Ulicheza pesa usiyoweza kumudu kupoteza? Ulihitaji dau kubwa zaidi upate ile raha ya zamani? Ulirudi siku nyingine kurudisha pesa uliyoliwa? Ulikopa au kuuza kitu ili ucheze? Ulihisi huenda una tatizo? Mchezo ulikuletea msongo au kukuharibia afya? Watu walikulaumu, hata kama wewe hukukubaliana nao? Nyumbani kulipungukiwa pesa kwa sababu hiyo? Ulijisikia na hatia? Kila jibu lina alama: kamwe 0, mara chache 1, mara nyingi 2, karibu kila wakati 3. Akifika 8 na zaidi ana tatizo kubwa. Kati ya 3 na 7 yuko njiani.

Maswali hayo huulizia miezi 12 iliyopita, na mtu aliyefungwa miaka minne atajibu sifuri kwa haki kabisa. Yaulize mara mbili: mara ya kwanza kwa mwaka mmoja kabla ya kukamatwa, mara ya pili kwa kipindi cha jela. Ukiona 19 kwa nje na 2 kwa ndani, usifurahi kupita kiasi. Mtu huyo amepumzishwa na ukuta.

Usisahau dawa anazotumia. Baadhi ya dawa za Parkinson kama pramipexole, na dawa ya akili aripiprazole, zinaweza kumwasha mtu hamu ya kamari ambayo hakuwa nayo. Ni wachache, lakini ukimpata mmoja, mpeleke kwa daktari aliyeiandika. Asiache dawa mwenyewe.

Hatua ya tatu: usalama kabla ya mafunzo

Kabla hujaanza somo lolote, jua mambo mawili.

La kwanza ni deni la ndani. Anadaiwa na nani, kiasi gani, na lipo tangu lini? Deni la sabuni linaonekana dogo kwa mtu wa nje. Ndani hulipwa kwa kipigo, kwa utumwa wa kufua nguo za mwingine, na wakati mwingine kwa mwili. Ukisikia la mwili, acha mengine yote ushughulikie hilo siku hiyo hiyo pamoja na kliniki na afisa anayeaminika. Kuhamishwa wodi huwa ndiyo dawa ya haraka.

La pili ni kujiua. Mraibu wa kamari huwa na aibu mbili, ya kifungo na ya pesa za watu, na pigo kubwa humwangukia siku familia inapogundua kwamba shamba lilishauzwa. Muulize waziwazi: "Umewahi kufikiria kufa?" Swali hilo halimpandii mtu wazo. Wengi walikuwa wakiogopa kujibu kwa sababu kujaribu kujiua kulihesabiwa kosa la jinai. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakwenda kinyume na Katiba. Mwambie hivyo. Kisha usimwache peke yake, zungumza na kliniki, na uombe apelekwe hospitali ya rufaa. Kwa Kisumu ni Jaramogi Oginga Odinga, ile tunayoiita Russia.

Hatua ya nne: mstari wa siku

Mpe daftari na kalamu ya risasi. Achore mstari mrefu unaoanzia mwaka alioweka dau la kwanza hadi siku ya hukumu. Juu ya mstari aandike michezo na kiasi. Chini ya mstari aandike pombe, bangi, mikopo, ugomvi, makosa. Fanya naye kwa vikao viwili au vitatu, pole pole.

Yule fundi, juu aliandika: "beti ya kwanza, shilingi 50, nikala 3,200." Ushindi wa mwanzo huwa mrefu kwenye kumbukumbu kuliko hasara zote zilizofuata, na akiusimulia uso wake hung'aa. Mwache ausimulie. Kisha tukashuka chini ya mstari. Mikopo ya simu mitatu kwa wiki moja. Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, kila siku. Pesa ya chama cha akiba cha mkewe. Chang'aa ikaanza kuonekana siku za Jumapili usiku na Jumatatu. Alitazama karatasi kimya kwa muda mrefu, akaweka kidole juu ya Jumapili moja. "Hapa ndipo nilipouza ile pikipiki. Nilikuwa sijanywa hata tone."

Hilo ndilo unalolitafuta. Kwa mwingine utaona kinyume chake, kwamba anabeti tu akishalewa. Huyo matibabu yake yaanzie kwenye chupa. Kwa wengine kamari imeingia mahali pa pombe, na tarehe ya kuacha pombe inafuatana na tarehe ya kuanza ndege. Bila mstari huo unatibu kwa kubahatisha.

Hatua ya tano: kikundi

Watu wanane hadi kumi na wawili, mara moja kwa wiki, wiki nane au zaidi, dakika tisini. Wachukue kutoka kwenye kikundi kikubwa cha uraibu, lakini wape chumba chao. Mraibu wa kamari akikaa kati ya walevi hujifunza kusimulia pombe. Asiwemo mtu anayemdai mwenzake humo ndani. Hakikisha hilo kabla ya kikao cha kwanza.

Vikao viwili vya mwanzo usifundishe kitu. Uliza, sikiliza, na umrudishie mtu maneno yake. Ukianza na mahubiri ya dhambi ya kamari watakubali kwa vichwa na kuondoka walivyokuja. Swali linalofungua watu kwangu ni hili: "Kubeti kumekupa nini?" Watasema matumaini, watasema marafiki, watasema kitu cha kungoja. Ni kweli kimewapa. Baada ya hapo ndipo unapouliza kimewachukulia nini, na jibu huwa linatoka kwao wenyewe.

Kikao cha tatu na cha nne ni hesabu, na hapa ningekusihi usiharakishe. Wafungwa hupenda hesabu kwa sababu kwa mara ya kwanza hakuna anayewakemea.

Anza na karatasi mbili ndani ya kikombe, moja ina duara, nyingine ina msalaba. Mmoja achomoe, asome, arudishe, na mwingine aandike ubaoni. Rudieni mara thelathini. Duara likitoka mara nne mfululizo, simamisha na uulize: "Sasa itatoka nini?" Karibu wote watapaza sauti, "Msalaba! Zamu yake imefika." Waulize karatasi ilijuaje zamu yake. Chumba hunyamaza. Mzee mmoja wa Siaya aliniambia baada ya kikao kwamba amepoteza ng'ombe wawili kwa kungoja zamu.

Kisha multibeti, yaani dau moja juu ya timu kadhaa ambazo lazima zishinde zote. Chagueni timu kumi, kila moja ina nafasi 70 kwa 100 ya kushinda, yaani timu nzuri kweli. Zote kumi kushinda pamoja, nafasi ni chini ya 3 kwa 100. Zidisheni wenyewe ubaoni, 0.7 mara 0.7, hadi kumi, na asiyejua desimali asaidiwe na mwenzake. Baada ya hapo jekpoti ya mechi 17. Kila mechi ina matokeo matatu, kwa hiyo tatu inazidishwa kwa yenyewe mara kumi na saba: njia 129,140,163. Sensa ya 2019 ilihesabu watu milioni 47.6 nchini Kenya. Kila mmoja, pamoja na mtoto wa mgongoni, akijaza tiketi tofauti na ya mwenzake, bado zaidi ya milioni 80 zingekuwa hazijajazwa. Kijana atasema yeye habahatishi, anachambua. Mkubalie kwamba uchambuzi unapunguza hesabu kidogo. Kisha muulize kama kampuni haina wachambuzi.

Ndege nayo ina hesabu yake. Tuseme mchezo unarudisha shilingi 97 kwa kila 100 zinazochezwa. Inaonekana haki. Lakini anayeanza na 1,000 na kuicheza yote tena na tena, baada ya raundi 50 kwa wastani amebaki na kama 218. Raundi 50 si usiku mmoja, ni muda wa kungoja chai ichemke na inyweke.

Halafu kuna "ilibaki timu moja". Kila mraibu wa mpira anayo hadithi hii: kumi na sita zimeingia, moja ikamchomea. Huisimulia kama mtu aliyekaribia kushinda. Baadhi ya majaribio ya maabara yameonyesha kwamba kukosa kwa karibu huongeza hamu ya kucheza, ingawa mtu ameliwa sawa na aliyekosa zote. Mwambie aisimulie upya akianza na maneno "Niliipoteza pesa yangu siku ambayo..." Ni zoezi dogo, na wengi huanza mara mbili tatu kabla ya kuweza kulimaliza.

Kikao cha tano na cha sita ni uongo na aibu. Hapa sitakupa zoezi. Kaa nao, sikiliza, usimkatize mtu anayelia.

Hatua ya sita: hamu, na Jumamosi

Hamu hupanda, hufika kileleni, hushuka. Wengi hawajawahi kuiona ikishuka kwa sababu hucheza kabla haijashuka. Mfundishe kuiandikia saa: imeanza saa ngapi, imefika wapi, imeisha saa ngapi. Akiona kwa macho yake mara tano kwamba imepita bila yeye kucheza, hilo litamfaa kuliko hotuba zangu zote.

Jumamosi na Jumapili za ligi ya Uingereza ndizo siku ngumu. Redio ikiwa inatangaza, bloku yote inazungumza mabao. Mpangieni mapema: jioni hiyo atakuwa kwaya, maktaba, zamu ya jikoni, darasa la kusoma na kuandika, au atakaa na mwenzake wa kikundi. Drafti na ajua zisipigwe marufuku zote, la sivyo zitachezwa gizani. Tengeneza ligi ya drafti isiyo na dau, majina ubaoni, na mshindi apigiwe makofi. Aliye na alama 8 na zaidi asishiriki hata hiyo kwa miezi ya mwanzo.

Watu huniuliza kuhusu vidonge. Hakuna dawa iliyosajiliwa mahsusi kwa kamari. Madaktari wengine hutumia naltrexone, lakini huo ni uamuzi wa daktari. Kama chini ya kamari kuna mfadhaiko mkubwa wa moyo, kutibu mfadhaiko huo husaidia sana.

Hatua ya saba: askari na deni

Askari wengi ni wachezaji pia. Wana simu, wana mishahara, wana mikopo. Nimewahi kufundisha kikao cha hesabu dirisha likiwa wazi, na afande aliyekuwa zamu nje akaja baadaye akaniomba nimwelezee ile ya timu kumi tena. Kaulimbiu ya idara yao ni Kurekebisha na Haki. Waandalie kikao chao, mbali na wafungwa, bila kumwuliza mtu mshahara wake. Askari aliyesaidiwa hatamkejeli mfungwa anayesaidiwa.

Deni la ndani lifungwe kwa utaratibu. Mfungwa akiri kiasi, afisa wa ustawi aite pande mbili, kiasi kikatwe kilichotokana na riba ya dau, kilichobaki kilipwe kidogo kidogo kwa vitu halali, na ushahidi uandikwe. Usilipe wewe. Nililipa mara moja, nikanunua sabuni saba, na wiki iliyofuata watu wanne walikuwa wananidai mimi madeni ya wafungwa wengine.

Hatua ya nane: nyumbani

Omba ruhusa ya mfungwa kabla ya kuzungumza na jamaa zake. Siku ya kutembelewa, kaeni pamoja: yeye, mkewe au mama yake, na wewe. Alete orodha ya madeni yote ya nje, hata yale ya siri. Kwa uzoefu wangu orodha ya kwanza huwa nusu ya ukweli, kwa hiyo ulizia tena mwezi unaofuata.

Mama mmoja alikuja kutoka Ahero na watoto wawili. Mumewe alipomaliza kusoma orodha, hakulia wala hakupiga kelele. Alisema tu, "Baba Achieng', kumbe hata karo ya muhula wa pili?" Usimkimbize mtu kama huyo kwenye msamaha. Mpe nafasi ya hasira yake, mwambie hadaiwi kusamehe leo, na mweleze jambo moja la vitendo: asilipe madeni ya mumewe kwa kukopa, na asiuze kitu kumwokoa. Kulipiwa deni ghafla ni kama ushindi kwa mraibu. Kunampa nafasi ya kuanza kucheza upya.

Kwa wafungwa wanawake aibu huwa kubwa zaidi, hasa kama pesa iliyochezwa ilikuwa ya chama. Usiwachanganye na wanaume kwenye kikundi, na anza na mazungumzo ya mtu mmoja mmoja.

Hatua ya tisa: kabla ya lango kufunguliwa

Piga hesabu ya tarehe ya kutoka baada ya msamaha wa theluthi, na uanze maandalizi miezi mitatu kabla. Mtu aliyekaa miaka mitatu bila simu anarudishiwa kasino mfukoni siku ya kwanza. Andikeni pamoja, kwenye karatasi atakayoondoka nayo:

Simu iwe kabambe, ile simu ndogo ya kawaida, mulika mwizi. Inazuia ndege, lakini fahamu kwamba mpira unaweza kubetiwa hata kwa ujumbe mfupi, kwa hiyo simu pekee haitoshi. Fuliza aizime kwa *234# siku ya kupata laini. Akiba aifungie kwenye akaunti ya muda maalum. Kwa miezi sita ya kwanza mapato yapitie kwa mtu mmoja aliyekubaliana naye, mke, mama au dada, naye abaki na nauli na chakula. Akaunti za zamani za kubeti aombe zifungwe kabisa, si kusimamishwa tu, na jumbe za matangazo azikatae.

Ramani nayo. Chora njia kutoka stendi ya Kisumu hadi kwao, na muonyeshe vibanda vya kubeti, kilabu cha chang'aa na kijiwe cha wenzake. Atapita wapi badala yake? Kama alikuwa wa bodaboda, atakaa steji gani, maana steji nyingine hushinda zinabeti kutwa? Afisa wa probesheni ajulishwe kwa ruhusa yake. Apewe nambari ya bure ya NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, 1192. Kama mjini kuna kikundi cha watu wanaopona, wa kamari au wa pombe, apelekwe kwa jina na mkono. Kumwambia kwamba kipo hakutoshi.

Baada ya kutoka

Mpigie Jumatatu, kwa miezi mitatu, kwa sababu wikendi ndiyo iliyopita. Usiulize "Unaendeleaje?" Atasema vizuri. Uliza: "Jumamosi ulikuwa wapi saa kumi na moja jioni? Nani alishika pesa?"

Na akiteleza, kama yule fundi alivyoteleza wiki ya tano, kwa shilingi 200, asifukuzwe na asifichwe. Alinipigia mwenyewe usiku. Tulikutana kesho yake chini ya mwembe karibu na Kibuye, nikamuuliza manne: pesa ilitoka wapi, nani alikuwa naye, alikuwa anahisi nini saa moja kabla, na alisimamaje baada ya 200 badala ya kuendelea. Hilo la mwisho ndilo tulilolikalia muda mrefu kuliko yote. Kisha alifungua daftari lile lile la mstari wa siku, akaandika majibu chini ya tarehe ya jana, na tukapanga Jumamosi inayofuata.